Makapi Hayawashi Mwezi wa Nne

Kwenye biashara ya mahindi, mtu asiyejikuna hatumwamini.

Kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kwanza, mashine za kupukuchua zikinguruma kutoka Moiben mpaka kule Cheptiret, makapi mekundu hupaa juu ya mashamba, hushuka shingoni mwa watu, huingia kwenye kola, kwenye mkanda na kwenye soksi. Hapa Eldoret, msimu huo, utaona watu wazima wamepanga foleni benki wakijikuna bila aibu. Sisi mabroka tunaiona hiyo ni sare ya kazi. Broka mwenye ngozi laini wakati wa mavuno ni wa kuogopwa. Huyo ananunua kwa simu, mahindi hajayagusa, na mkulima ataahidiwa malipo kwa simu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwaka nilioanza kuwashwa miguuni sikufikiria lolote. Nilijikuna kwa fahari, kama wenzangu.

Mimi napima mahindi kwa mkono. Wengine wana kimashine cha kupima unyevu: unamwaga punje chache, unafunga kifuniko, kinakuandikia kumi na tatu nukta tano, unaona umesoma chuo. Nakidharau. Kimashine hupima punje ulizokipa, na mkulima mwerevu atakupa za juu, zile zilizoota jua wiki nzima. Mkono hauchagui. Nakunja shati mpaka begani, nauzamisha kwenye gunia mpaka kwapani, natulia. Mahindi makavu ni baridi na huteleza, yanakupisha. Mabichi hukushika, na kule chini kuna kijoto kama cha mtoto mwenye homa. Natoa mkono, narudisha mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hata mjinga anaweza kubahatisha. Kisha nauma punje moja na kutaja bei. Kwa miaka kumi na sita mkono huu umelisha nyumba yangu, nikihesabu na ule mwaka wa ukame ambao sikununua kitu lakini nilienda.

Upande wa Moiben kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye ghala la mbao lililoinuliwa kwa nguzo na mahindi masafi kuliko ya mtu yeyote barabara ile. Hapigi kelele. Akiniuzia yeye, majirani zake tisa wananiuzia. Akinikataa, wananikataa kabla sijafunga lango. Kwa hiyo kila msimu nilianzia kwake, na kila msimu tulianzia kwa chai.

Hili la chai lazima nilieleze, maana ndilo lililonimaliza. Huku bei haitajwi kabla ya chai. Unaketi, unaletewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, sukari imepikwa humo humo kwenye sufuria, huulizwi vijiko vingapi. Ukimaliza unaongezewa. Mtu anayekataa chai hakuja kununua, alikuja kuchunguza. Sasa hesabu mashamba sita au saba kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka kumi na sita. Mimi nilihesabu magunia, nikahesabu kamba za kushonea magunia, nikahesabu hata matuta ya barabarani kati ya nyumbani kwangu na Moiben. Vikombe sikuvihesabu. Chai ilikuwa ya bure, na vya bure mtu wa aina yangu hahesabu, anakunywa.

Mavuno yaliisha. Makapi yakatulia. Mwezi wa pili ulipoingia, wenzangu waliacha kujikuna mmoja mmoja, mimi nikaendelea. Muwasho ulikuwa umeota kwenye miundi, chini ya magoti, na ngozi huko ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kisima kilichokufa. Kisha ukapanda mikononi. Kisha ukafika mahali ambapo mwanamume hajikuni mbele ya wakwe, na siku moja nilikuwa mbele ya wakwe.

Nikaanza kutafuta dawa, yaani nikaanza kudanganywa. Pale karibu na stendi kulikuwa na jamaa na mkokoteni na kipaza sauti, anauza mafuta ya kutibu mba, choa, vidonda, chunjua, na ndoa inayoyumba. Tulivutana bei robo saa. Niliondoka na vikopo vitatu kwa bei ya viwili, nikijiona mjanja wa mji. Baada ya wiki mbili nilikuwa na vikopo vitatu vitupu na muwasho ule ule, ila sasa unanukia karafuu. Dawa isiyofanya kazi haianzi kufanya kazi kwa sababu umepunguziwa.

Mke wangu alisema ni sabuni. Tukabadilisha sabuni. Akasema ni blanketi, tukaanika blanketi. Halafu akaniambia jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote, nilivyoona mimi wakati ule: kwamba siku hizi usiku natoka mara nne kwenda chooni na kurudi nikinywa maji jagi zima. Nilimwambia hajui kuhesabu. Usiku uliofuata nikahesabu mwenyewe. Zilikuwa mara tano. Nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa amenipunguzia.

Hapo ndipo akaingia mwenzangu wa Cheptiret. Ni broka kama mimi, mtu anayejua kila kitu kwa sababu hajawahi kusikiliza chochote mpaka mwisho. Aliniangalia mkono, akasema huo ni upele, na upele ni wadudu, na wadudu dawa yao inajulikana. Akanitolea mfano wa ng'ombe. Ng'ombe wa gredi, alisema, anaogeshwa dawa ya kupe kila wiki, umewahi kumwona akijikuna?

Nilikuwa nimewaona wengi. Nimewaona wakijisugua kwenye nguzo mpaka nguzo inalala. Lakini kuwashwa huondoa akili kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimebaki na akili ya kutosha kusoma kipimo kwenye chupa, siyo ya kutosha kuiacha chupa dukani. Kipimo kilikuwa cha ng'ombe. Nikakigawa, nikarudia hesabu, nikakigawa tena kwa kuwa ngozi yangu ni ndogo. Nilijivunia sana ile hesabu. Nikajipaka mikononi na miguuni, nikasimama nyuma ya nyumba kama ndama, nikisubiri wadudu wafe.

Hakuna mdudu aliyekufa. Ngozi iliungua, ikachubuka, na ilipoanza kukauka iliwasha kuliko mwanzo. Kucha hazikutosha tena, nikawa najikuna kwa gunzi. Ndiyo, gunzi la mahindi, lile la kusugulia miguu. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu mkono wangu wa kulia ulikuwa na vidonda vinne, nikavihesabu tena, vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na nia ya kufunga.

Mwezi wa nne nikaenda Moiben. Mama alikuwa amezuia magunia arobaini akingoja bei ipande, na bei ilikuwa imepanda. Majirani watatu walikuwa pale wamekaa kwenye benchi, kama kawaida yao siku ya bei. Nikanywa vikombe viwili. Tukaongea habari za mvua. Kisha tukaenda ghalani, nikakunja shati mpaka begani, na yeye akasimama kati yangu na gunia.

"Huo mkono hauingii kwa mahindi yangu," alisema.

Nilicheka kidogo, kama mtu anayesikia bei ya kwanza. Nikamwambia ni makapi tu, Mama, si unajua kazi yetu.

"Makapi ya nini? Mahindi saa hii iko na majani matatu kwa shamba. Makapi haiwashi mwezi wa nne."

Alikuwa amefundisha darasa la nne miaka mingi, na aliniangalia kama mtoto aliyeleta kazi ya nyumbani iliyoandikwa na kaka yake. Nikamwambia basi nitatumia mkono wa kushoto. Akasema yote ni ya mtu mmoja. Nikapandisha bei kidogo, halafu nikapandisha tena bila yeye kujibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya na sitalirudia.

"Sijataja bei," akasema. "Nimetaja mkono. Hii tunakula. Wajukuu wangu wanakula hii."

Majirani watatu waliangalia viatu vyao kwa heshima, ile heshima ya watu wanaongoja uondoke wapate kusema. Nilipofika barabara ya lami nadhani wote tisa walikuwa wameshaambiwa, maana wawili niliowapigia simu jioni walisema mahindi yao yameliwa na fukusi. Mahindi ya watu wawili, mashamba mawili, fukusi wa siku moja. Angalau wangepanga uongo tofauti.

Siku mbili baadaye magunia yale arobaini yalinunuliwa na mwenzangu wa Cheptiret, na kimashine chake. Yule yule aliyeniogesha kama ng'ombe. Alinipigia simu kunipa pole, akaniuliza kama ile dawa ilisaidia.

Kwa hiyo nilipoenda zahanati sikwenda kwa ajili ya afya. Ningependa kujiandika vizuri, lakini sikwenda kwa ajili ya afya. Nilienda kutafuta barua yenye muhuri, iseme mkono huu hauambukizi, nikaibandike kwenye uso wa kila jirani wa Moiben. Nilikuwa nimepanga hata maneno yake.

Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa binti yangu wa kwanza, na alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza jambo lingine wakati unamjibu la kwanza. Nikamweleza upele. Akaniuliza habari za kiu. Nikamweleza dawa ya kupe, akaweka kalamu chini, akanitaka nirudie. Nikarudia. Akaniambia ile dawa hupita kwenye ngozi na kuingia mwilini, kwamba ingeweza kuniua, na aliyenishauri ningemletea angempa sindano hata kama haumwi. Hapo nikaanza kumpenda. Akauliza usiku natoka mara ngapi. Nikasema nne.

"Nne za kweli?"

"Tano."

Akanitoboa kidole, akaweka tone kwenye kijiti, kijiti kwenye kimashine. Nikakiangalia kile kimashine na dharau yangu yote. Kilikuwa kidogo kuliko kile cha unyevu. Kikafikiri sekunde chache, kikaandika kumi na tisa nukta mbili.

Nikamwambia arudie, kidole kingine. Kitu kinachopimwa mara moja hakijapimwa. Hakukasirika. Akarudia: kumi na nane nukta nane. Nikamwonyesha kwamba imeshuka, na kwamba tukipima cha tatu na cha nne huenda tukafika mahali pa kuelewana.

"Mzee," alisema, "hii haipunguzwi. Ikipita kumi na moja na mtu ana kiu kama yako, tunaita sukari."

Aliniambia nirudi asubuhi bila kula. Nikarudi. Kumi na tatu nukta sita. Sasa hiyo naijua: kwa mahindi, kumi na tatu nukta tano inapita, mimi nimekataliwa kwa nukta moja, nukta ambayo broka yeyote mwenye ulimi anaimaliza getini. Nikamweleza hivyo. Akaniambia kwa binadamu ambaye hajala, geti linafungwa kwenye saba.

Kuhusu muwasho alinieleza taratibu, na nitaandika alivyosema kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja kati ya washauri wangu wote aliyekuwa amesema lolote karibu na hapo. Sukari ikizidi kwenye damu, mwili huitoa kwa mkojo, na mkojo huondoka na maji, na ngozi hubaki kavu. Mzunguko wa damu na mishipa ya fahamu ya miguuni navyo huanza kuharibika. Na fangasi hupenda mahali penye sukari na joto, ndiyo sababu ya ule muwasho wa kule kusikosemeka. Kidonda unachojichimbia kwa gunzi hakifungi, kwa sababu hiyo hiyo. Akasema si kila anayejikuna ana sukari. Wengine ni sabuni, wengine ni upele wa kweli, wengine figo, wengine ni makapi tu. Lakini muwasho usiotaka kuisha, wenye kiu na choo cha usiku, huo haukunwi, unapimwa.

Kisha akaniuliza nakunywa chai vikombe vingapi kwa siku. Nikasema saba. Akangoja. Nikaanza kuhesabu tena kwa vidole, shamba kwa shamba, na vile vya kuongezewa, na cha nyumbani asubuhi, na cha hoteli nikirudi. Vilikuwa kumi na nne. Nilihesabu mara ya tatu nikitumaini. Kumi na nne.

Lililonigusa halikuwa hilo. Aliniambia nivue viatu, nifumbe macho, akachukua kitu kama uzi mgumu wa nailoni na kuanza kunidonoa nyayo, mimi niseme kila ninaposikia. Nilisema hapo, hapo, hapo. Nilipofumbua macho aliniambia amenidonoa mara kumi na mimi nimesema nane. Nikamwomba arudie. Nane tena. Kulikuwa na sehemu mbili za mwili wangu zilizokuwa zimekwisha kuondoka bila kuaga.

Akanigusa vidole vya mkono, pamba, ncha ya kalamu, kitu baridi. Vyote nilivisikia. Akasema mikono bado, miguu ndiyo hutangulia, mikono huja nyuma yake mtu akiendelea hivi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa zahanati. Kuhusu kufa sikuwaza sana, kila mtu atakufa, hata yule wa Cheptiret. Niliwaza kuzamisha mkono ndani ya gunia na kusikia kama mtu anayesikia kupitia ukuta. Niliwaza nikitaja bei kwa kubahatisha, na wakulima wakijua. Niliwaza nikinunua kimashine.

Barua aliniandikia: vidonda haviambukizi, ni vya ngozi kavu na kujikuna, mgonjwa yuko kwenye matibabu. Muhuri ulikuwa umepotoka kidogo. Nikaomba mwingine, akanipa.

Miezi iliyofuata nilijifunza kwamba mtu akiwa na sukari kila mtu anakuwa daktari. Jirani mmoja alileta majani ya kuchemsha, machungu kama mashtaka. Mwingine wa kanisani alisema niache dawa za hospitali niombe, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa miwani. Nilimeza vidonge vyangu asubuhi na jioni, nikavihesabu kila Jumapili, havikupotea hata kimoja. Ugali nikaupunguza hadi nusu ya sahani, mimi, mtu wa mahindi, nikijaza nusu nyingine kwa sukuma wiki kama mbuzi. Na kwa ngozi daktari hakuniandikia kitu chochote cha ajabu: nioge maji ya uvuguvugu, nikitoka nijipake mafuta mazito yasiyo na manukato. Nikauliza kama mafuta ya kukamulia yatafaa, yale tunayopaka matiti ya ng'ombe. Akasema, kati ya vitu vyote vya ng'ombe nilivyojaribu, hicho angalau kina akili.

Muwasho wa kusikosemeka ulikwisha kwanza, kwa dawa yake, ndani ya wiki mbili. Wa mikono ukafuata. Vidonda vikafunga kimoja kimoja. Wa miguu ulivuta mkia mpaka mwezi wa nane. Kila jioni nilikuwa nikizamisha mkono kwenye debe la mahindi pale sebuleni, macho nimefumba, mke wangu ameficha humo kitu, msumari au kifungo au punje iliyoloweshwa, mimi nitafute. Wageni walidhani tumeingia uganga.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi Moiben. Sikuwa nimealikwa. Mvua ilikuwa imechelewa kuondoka mwaka ule, na watu walikuwa wameanika na kuanua, wameanika na kuanua, mpaka wamechoka. Mama alikuwa barazani, na majirani zake, wanne safari hii, na nikajua kutokana na mazungumzo kwamba mwenzangu wa Cheptiret alikuwa amepita wiki iliyotangulia. Kimashine chake kilikuwa kimesoma kumi na sita kwa kila gunia alilolipima, kwa kila mkulima, na kwa kila kumi na sita alikuwa amekata bei. Kimashine cha ajabu, kinajua kusoma namba moja tu. Mama alikuwa amemfukuza.

Nikampa barua. Akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanirudishia. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe.

Nilikiangalia. Kilikuwa na utando wa maziwa juu, na niliweza kunusa sukari kutoka pale nilipokaa. Majirani wanne waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimepoteza mashamba manne tangu mwezi wa tano kwa sababu ya kikombe kama hicho, nikisema tumbo linauma, nikisema nimetoka kunywa, na kila mara nikaonekana mtu wa dharau. Kwa huyu uongo ungekuwa ni kumdharau kweli.

"Mama, siwezi," nikasema. "Nina sukari. Ndiyo ilikuwa inaniwasha."

Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu nje ya nyumba yangu. Jirani mmoja alivuta kiti chake nyuma, nusu hatua, kana kwamba sukari huruka.

Mama alichukua kikombe akarudi jikoni. Alikaa sana. Tulisikia kuni zikivunjwa, tulisikia kopo la maziwa likigonga. Mimi na majirani tulitazama kuku. Alipotoka alikuwa ameshika kisufuria kidogo, cha uji wa mtoto, na kikombe kisafi, akamimina mbele ya wote.

"Hii haina kitu," alisema. "Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa mbaya, chai ya maziwa isiyo na sukari ina ladha ya mkutano wa wazazi shuleni. Nikamaliza, akaniongezea, nikamaliza tena.

Tukaenda ghalani, na majirani nyuma yetu. Nikakunja shati. Akaushika mkono wangu, akaugeuza juu, akaugeuza chini, akapitisha kidole kwenye makovu. Kisha akasogea pembeni.

Gunia la kwanza lilikuwa zuri. Mahindi yalinipisha, baridi, yakiteleza, na nilisikia kila punje, kwa kweli niliisikia kila punje, na ilibidi nigeuze uso upande wa ukuta. La pili sawa. La tatu sawa. La nne, lililokuwa kwenye kona ya nyuma, lilianza vizuri juu, na nilipofika kwenye kiwiko likabadilika. Lilinishika. Chini ya hapo kulikuwa na joto.

Nikautoa mkono. Nikaurudisha. Joto lilikuwa pale pale.

Sasa, mimi si mtu mwema, na sitaki msomaji anichanganye na mmoja wao. Katika kile kitambo mkono wangu ukiwa ndani ya gunia nilifanya hesabu yote. Nikisema makavu, nina Mama, nina majirani tisa, nina barabara nzima, na mahindi mabovu machache najua pa kuyapeleka. Nikisema mabichi, mbele ya watu, kwa mwalimu ambaye hajawahi kuambiwa mahindi yake ni mabichi na mtu asiye mwizi, basi nimekuja kunywa chai mbaya bure. Nikahesabu mara mbili. Lakini mkono ulikuwa umesikia, na kwa miezi saba nilikuwa nimeogopa kwamba hautasikia, na sikuweza kuusemea uongo siku ileile.

"Hili limeshika maji," nikasema. "Kutoka hapa kwenda chini. Na nadhani hata yale ya nyuma yake."

Jirani aliyevuta kiti alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mkono wa mgonjwa huona maji kila mahali. Wengine wakaguna kumuunga, na mmoja akakumbusha kuwa hata yule wa Cheptiret alisema hivyo hivyo. Walikuwa na furaha sana, watu ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakimtukana yule wa Cheptiret na kimashine chake.

Mama akasogea kwenye gunia. Alikunja mkono wa sweta yake, akauzamisha kwenye gunia mpaka kiwikoni, akatulia. Akainama zaidi, akaenda mpaka begani, shavu likagusa mdomo wa gunia. Alipoutoa aliunusa, akasugua vidole, akanusa tena. Uso wake haukunipa kitu chochote.

Kisha akatazama paa la ghala, pale kwenye kona, na sote tukatazama. Bati lilikuwa limeachana na msumari, mwanga unapita, upana wa vidole viwili.

"Toeni turubai," akawaambia majirani.

Wakalitoa, wakalitandika uani. Tukayaburuta magunia ya kona moja baada ya jingine, mimi nikishika masikio ya upande mmoja na yeye upande wa pili, tukayamwaga juani. Vumbi likatupanda sote, makapi yakaingia kwenye kola. Yule jirani mwenye kiti alianza kujikuna shingo. Mama akaniuliza, bila kuniangalia, magunia makavu yaliyobaki nayataka kwa bei gani. Nikataja bei. Akacheka, kicheko kifupi cha kwenye pua, cha dharau tupu, nikajua tumeanza.